Dawa ya Kupimiwa kwa Fimbo

Nyarubungo, Biharamulo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itawakuta wazima huko Kirushya, na kwamba goti la baba limepata nafuu. Huku mpunga umechanua, nami ni mzima kuliko ulivyosikia.

Najua habari zilizokufikia: kwamba nina ugonjwa wa uzinzi na wakwe zangu wanataka kunirudisha kwenu. Kweli, nilikuwa natokwa damu na tumbo la chini likiniuma, na mama mkwe alinitangaza kwa wanawake wote kwenye majaruba ya mpunga. Ngeleja, mume wangu, akakaa kimya. Ukimya wake uliniuma kuliko tumbo.

Kisha akaja Jovitus, mhudumu wa afya, na dawa za kichocho. Hupimwa kwa fimbo: unasimama kando yake, na urefu wako ndio unaoonyesha umeze vidonge vingapi. Basi mzee Nshoma, baba mkwe, alipoona hivyo akasema hajawahi kuona mtu akipimiwa jeneza huku anapumua. Watu wakatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe! Nikabaki mimi. Nilinyoosha shingo nikapimwa, kisha nikamweleza Jovitus kuhusu ile damu, wala sikuona haya. Akanielekeza niende zahanati. Huko walipima mkojo wangu, wakasema ni kichocho, nimekipata kwenye maji ya majaruba ninamoshinda nikipandikiza mpunga, uzinzi haumo. Ngeleja naye akapimwa, akakutwa nacho. Aliniomba radhi mbele ya baba yake, nami nikajifanya sikusikia ili arudie.

Sasa kaa chini, Mama. Jana mama mkwe aliniita nyuma ya kihenge cha nafaka. Akaniambia, kwa Kisukuma cha polepole ili nielewe, kuwa damu hiyo hiyo inamtoka yeye tangu kabla Ngeleja hajaoa. Alinisema mimi ili asije akaulizwa yeye. Akalia sana. Hasira zilinipanda, usidhani mimi ni malaika, lakini nilimpikia ugali akala, kisha nikamshika mkono twende zahanati.

Tulipopita majarubani, wanawake wale wale wakasimama kututazama. Mama mkwe akawaambia mwenyewe, kwa sauti, anaumwa nini na kwamba mimi alinisingizia. Baadhi yao wakatoka majini wakatufuata, miguu yao ikiwa bado na tope.

Kwa hiyo kaka Audax asije kunichukua. Hapa ni kwangu.

Nisalimie baba, Audax na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Avelina