Hatua za Kisima cha Nyuma

Aldeamento ya barabara ya Mbau,
Mocímboa da Praia,
14 Machi 1972

Mpendwa mpwa wangu Ossufo,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, wewe na mkeo Rehema na watoto, na kwamba lile jicho lako la kushoto limepona. Mimi sina nafuu. Mapafu hayataki tena kazi. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua kumi, na nikifika huko nakaa kitako nipumue. Nimetimiza miaka sabini na mitatu, na Mfungo Mosi ujao sidhani kama utanikuta. Usisikitike. Umri huu si wa kulilia.

Anayekuletea barua usimuulize kapita wapi. Mpe chakula, umwache alale.

Hapa mvua hazijakatika. Tumo ndani ya waya wa aldeamento, kijiji ambamo Wareno wametukusanya. Lango hufunguliwa asubuhi tukishahesabiwa, na anayekwenda shamba huchukua guia, kile kikaratasi cha ruhusa, akarudi nacho jua halijashuka. Nilimwomba administrador, mkuu wa wilaya wa Kireno, ruhusa ya kuzikwa kijijini kwetu, nyuma ya Mbau, karibu na mama yako. Alicheka kwa upole, akasema maiti naye anahitaji guia, na za maiti hana. Basi nitazikwa humu humu, nyuma ya jiko la askari, ndipo penye nafasi.

Anayenitunza ni Chamima, binti Cassamo. Bombani wenzake huisogeza ndoo yake nyuma mpaka iwe ya mwisho. Husema, "Msaliti hana foleni." Yeye hucheka, akarudi na maji yake adhuhuri. Juzi aliniletea uji akaniambia, "Babu, kunywa. Ukifa wewe, humu nitasalimiana na nani?" Nilikunywa. Ulinipalia.

Ossufo, sasa nafika kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nimesikia Cassamo amepatikana upande wenu, wazee wa wakimbizi wamemweka chini ya ulinzi, na baada ya mavuno baraza litakaa kumhukumu. Wanasema yeye, mzee wa kijiji chetu, ndiye aliyewaonyesha Wareno kisima cha nyuma. Wanasema shahidi mkuu ni wewe, na kwamba unayo ile karatasi uliyoiokota kisimani ulipokwenda kumchukua mama yako. Adhabu ya msaliti wakati wa vita unaijua.

Cassamo hakuwaonyesha. Niliwaonyesha mimi.

Usiichane barua. Isome mpaka mwisho, kisha ufanye utakalo.

Wewe ulinijua kama mjomba wa benki, mwenye viatu. Kabla ya viatu nilikuwa askari. Mwaka 1917 Wareno walinichukua kupigana na Wajerumani huko Ruvuma. Sajenti wangu alinifundisha kuipeleleza nchi kwa miguu: unahesabu hatua, na kila zikitimia mia unahamisha punje ya mahindi kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Ukifika kambini unahesabu punje, unachora ramani. Huko huko risasi iliondoka na ncha ya kidole gumba changu, ndiyo maana nne yangu ninapoiandika hulala ubavu na kuburura mkia. Mwalimu wa misheni niliyesoma kwake baada ya vita alinichapa sana kwa ajili ya nne hiyo. Haikunyooka.

Mwaka 1924 benki moja ya Porto Amélia iliniajiri tarishi. Wazungu wake walikuwa wakienda kukagua mashamba, kisha wanarudi na yale waliyoambiwa kwenye baraza ya mwenye shamba wakinywa mvinyo. Mimi niliyatembea. Baada ya muda benki haikuweka mtaji wake katika minazi, pamba wala mkonge wa pwani hii kabla mimi Adamo sijaitembea ardhi. Mkuu alitia saini, maneno yakiwa yangu. Nilifanya hivyo miaka arobaini na miwili. Watu walisema nimefika. Lakini katika ofisi ya mkuu sikuwahi hata siku moja kupewa kiti.

Mwaka 1963 walinituma kwetu, nyuma ya Mbau, palipotakiwa shamba la mkonge. Nililala kwa mama yako siku tatu. Marehemu dada yangu Saquina alinichinjia yule jogoo uliyekuwa ukimpenda, ukaninunia mpaka nikaondoka. Cassamo alinitembeza kama mgeni anavyotembezwa kwetu, makaburi kwanza, visima baadaye. Alidhani benki italeta barabara na duka. Mwisho alinipeleka kwenye kisima cha nyuma, kile cha kichakani ambacho wazee walikificha tangu enzi za kukimbia kodi. Aliniambia, "Hiki hatumwonyeshi mwenye kofia." Kofia yangu nilikuwa nimeishika mkononi. Punje zilihama mfukoni bila mimi kuziambia.

Katika taarifa yangu niliandika kwamba udongo unafaa, na kwamba wenyeji wakikusanywa mahali pamoja kando ya barabara, shamba halitakosa vibarua. Ilikuwa sentensi moja tu, tena niliiona nzuri. Nilistaafu nikarudi kwetu, na leo nimelala ndani yake.

Kisima cha nyuma sikukiandika wala kukichora. Siri hiyo nilimtunzia Cassamo, na heshima hiyo ningeingia nayo kaburini kama si mwaka 1966.

Vita vilikuwa vimewaka, nami nimebakiza miezi mitatu nistaafu. Kapteni mmoja alikuja benki na ramani yangu. Alipoambiwa aliyeichora ni mimi, alisimama, akanipigia saluti, akaniita askari mwenzake na kunivutia kiti. Kisha akasema, "Mzee, sajenti wako alikufundisha vizuri. Lakini visima vyako vyote ninavilinda, na watu wa porini bado wanakunywa. Kuna mahali ulichoka kutembea?"

Ossufo, sikutishwa. Sikupigwa. Hakunipa hata sigara. Nilichukua penseli mezani, nikatia alama kwenye ramani pale penye kichaka, na pembeni nikaandika idadi ya hatua kutoka mlango wa mama yako. Niliona aibu kuonekana mvivu mbele ya yule aliyeniwekea kiti. Nimetafuta sababu kubwa zaidi miaka sita, sijaiona.

Haikupita mwezi, kijiji kikachomwa. Waliokimbilia kisimani waliwakuta askari wametangulia. Mama yako alikuwa mbele kwa sababu aliijua njia.

Nilikuja matangani. Nilikaa siku tatu nikila wali wa watu, nikawasikia wakisema, "Siri ya kile kisima alikuwa nayo Cassamo." Niliitikia kwa kichwa pamoja nao. Wewe ulinishika bega ukaniambia, "Pole, mjomba." Nikaipokea pole yako.

Chamima sijamwambia. Nimejaribu mara mbili, na kila nikifungua mdomo anatia kijiko. Nitamwambia mara mbebaji wa barua hii akishavuka Ruvuma, maana kelele zikitokea kabla ya hapo barua haitafika. Ikiwa baada ya hapo uji hautakuja, nitajua sababu na sitauliza.

Huenda baraza likasema huyu ni mzee anayekufa, ameamua kumbebea rafiki yake mzigo. Kwa hiyo chini ya jina langu nitaandika kwa penseli idadi ya hatua. Karatasi uliyonayo, ambayo bila shaka ni ramani ile iliyoangushwa na askari, sijaiona tangu ilipotoka mezani pale, wala hakuna aliyeniambia imeandikwa nini. Iweke kando ya barua hii. Utaiona nne iliyolala na mkia wake, ile uliyokuwa ukiicheka katika barua nilizokuletea ulipokuwa shule. Wasomee yote, na jina langu usiliruke.

Sikuombi msamaha. Mwenye kuutoa amelala nyuma ya Mbau, na njia ya kwenda kwake nimefungiwa. Ninachokuomba ni ufike barazani mapema, na mkono wa Cassamo uushike wewe kwanza kabla ya watu wengine.

Nisalimie Rehema na watoto, na wote wa kwetu watakaokubali salamu zangu. Mwambie Cassamo binti yake ni mzima, uji wake mtamu, na ulimi kaurithi kwake. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na uzao wako, akurudishe nyumbani siku waya huu utakapong'olewa, uukute ukoo wako bila deni la damu.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda ingawa nimechelewa kukuambia,

Adamo

412