Sanduku la Chai Katika Chumba cha Baba Asimwe

Haya niliyaandika kwenye daftari la shule nikiwa Ijumbi, miaka ile ambayo vita vilikuwa vimepita na ugonjwa ukawa umekaa. Nimeyanakili hapa kama yalivyo, pamoja na manung'uniko yake.

Alhamisi, mvua.

Imeanza kunyesha kabla ya alfajiri, na mimi nimeamka nimechoka kama mtu aliyelima usiku kucha. Uchovu wangu wa siku hizi hauna adabu. Hausubiri hata nifanye kazi kwanza.

Leo nyungunyungu wamenitoroka.

Nianze mwanzo, maana kichwa changu hakishiki tena mambo kwa mpangilio. Huu ni mwezi wa tano tangu mume wangu, Baba Asimwe, afariki. Ng'ombe wetu wawili wamekwenda naye: mmoja tulimuuza alipokuwa anaugua, mwingine alichinjwa msibani. Kibanja bila samadi hakidanganyi mtu. Migomba imekonda, na mikungu inayotoka sasa naona aibu hata kumpelekea jirani.

Shemeji yangu mkubwa, Ta Kaijage, amelisema hilo mbele za watu. Kwamba kibanja cha ukoo hakiwezi kufia mikononi mwa mwalimu anayejua chaki tu. Yeye ana ng'ombe wanne, na kusema kweli kuhusu migomba hajakosea. Jumapili baada ya misa wanaukoo wanakuja kuamua nani akishike, mimi au yeye. Wa kwanza kuulizwa atakuwa mama mkwe wangu, ninayemwita Mawe kama mume wangu alivyomwita, kwa kuwa ndiye mkubwa aliyebaki katika nyumba hii. Akisema nibaki, nitabaki na mwanangu Asimwe. Akinyamaza, tutafungasha.

Na Mawe amekuwa amenyamaza wiki tatu.

Sababu ni sanduku. Bwana shamba alikuja shuleni kuwafundisha watoto habari za mboji, akasema asiye na ng'ombe anaweza kufuga nyungunyungu ndani ya sanduku, wakamtengenezea mbolea kwa maganda ya jikoni. Walimu wenzangu walicheka sana. Mimi nikaandika kila neno, maana sikuwa na kicheko cha kupoteza.

Sanduku lenyewe nililipata Miembeni nilipokwenda Bukoba kuchukua cherehani ya marehemu. Alishona miaka kumi na mmoja kwenye baraza la mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Mzee huyo naye alikuwa anafunga duka, anawafuata wanawe ng'ambo, na rafu zake zilikuwa tupu. Alinipa pole, akanipa na sanduku la mbao lililowahi kuletewa majani ya chai, ambamo marehemu alitunza karatasi zake za kahawia za kukatia vipimo. Alinibebea mwenyewe mpaka stendi, mzee wa watu, hakutaka kumwita mchukuzi.

Nikalitoboa chini kwa msumari uliochomwa moto mpaka ukawa mwekundu. Nikaliinua juu ya matofali manne. Chini yake nikaweka nusu ya jerikeni ya jeshi, moja ya zile walizoziacha askari waliopiga kambi shuleni wakati wa vita, ili ikinge maji meusi yanayodondoka. Juu nikafunika gunia la kahawa lililochakaa. Kwa matandiko nikazichana zile karatasi na kuzilowesha. Zilikuwa na mwandiko wake: kiuno, bega, mkono, na majina ya wateja ambao wengine nao tumeshawazika. Nilichana zote isipokuwa moja, ya kola. Hiyo niliificha ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa.

Nje kuna kuku na siafu, na jiko linavuja. Chumba kikavu kisicho na mtu ni kimoja tu, kile alichougulia Baba Asimwe. Nikaliweka humo.

Miezi tisa alilala pale na ugonjwa ambao watu huku waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichovuka mpaka. Kitambaa hicho yeye alikishona sana, basi watu wakapata la kusema. Kila mchana nikitoka shule nilisimama mlangoni pa chumba kile nikauliza, "Amekula?" Mawe, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda tangu asubuhi, alinijibu kila siku neno lile lile: "Amekula kidogo." Hata siku ambazo sahani ilikuwa imejaa. Tangu tumzike, Mawe hajaingia humo. Na mimi mwili wangu sijaupima, na leo sitaki kuandika habari hiyo.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia mtu.

Bwana shamba alisema nitafute wale wadogo wekundu wanaokaa chini ya vitu vinavyooza. Nilijaribu penye zizi, nikakuta pamekauka zamani. Nyuma ya jiko nilipata watatu, wembamba. Wanono walikuwa chini ya ile migomba iliyokatwa kupisha kaburi la Baba Asimwe. Sisi huzika kibanjani, na magogo yale bado yamelala pale pembeni yake, yanaoza. Nikayafunua. Nikajaza kopo zima.

Mawe aliponiuliza nimewatoa wapi, nilisema nyuma ya jiko. Aliitazama mikono yangu, kisha akaenda kumenya ndizi. Tangu siku hiyo sikupata kwake zaidi ya salamu, na kila nikihesabu siku za kufika Jumapili, ni ukimya huo niliouona.

Jana jirani yetu Ma Justina alikuwa anakamua rubisi, pombe ya ndizi, ya harusi ya mwanawe. Akanipa gunia la nyasi zilizotumika kukamulia ndizi, kwa kuwa anajua kibanja changu kina njaa. Nilifurahi kama mjinga. Zote nikazishindilia ndani ya sanduku, chakula cha bure. Sikufikiri kwamba makapi yale yalikuwa bado yanachacha. Yamekesha yakichemka, na nyungunyungu wangu, ambao nadhani ni watu wa dini, wamekataa pombe na kuhama nyumba.

Asubuhi nimeamshwa na sauti ya Mawe. "Yesu na Maria!"

Walikuwa ukutani. Walikuwa kizingitini, na juu ya nyasi tunazotandika sakafuni, wakitoka katika chumba kile, kile kile, wakienda upande wa chumba chake. Mmoja alikuwa kwenye pindo la kanga yake. Wakati huo huo Ma Justina akaja kuchukua gunia lake, akachungulia, akajishika mdomo, akaondoka kwenye mvua bila gunia. Nikajua mpaka saa nne Ijumbi nzima itakuwa na habari kwamba nyumba yetu inatoa funza.

Nilipiga magoti nikaanza kuwaokota. Nililia pia, kwa hasira kuliko huzuni. Nilikuwa nimechoka kuuguza, kuzika, kufundisha, na sasa kufukuzana na wadudu sakafuni mbele ya mama wa mume wangu. Neno likanitoka bila kulipanga.

"Mawe, sikuwatoa nyuma ya jiko."

"Najua," akasema. "Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa wewe wa kusema."

Mvua ikapiga bati. Halafu Mawe, na kiuno chake kile kibovu, akainama taratibu, akamtoa yule wa kwenye kanga kwa vidole viwili, akaniwekea kiganjani.

"Wa kutoka kwake hawatupwi nje, mwana wange. Warudishe."

Tukawaokota sote wawili. Alisimama kwenye kizingiti cha chumba, akawa ananipitishia kwa jani la mgomba. Nikatoa nyasi zote za rubisi mpaka sanduku likapoa. Sasa palihitajika matandiko makavu, na nje kila kitu kilikuwa kinachuruzika. Nilikwenda kwenye kitabu cha nyimbo nikaitoa ile kola. Imeandikwa "kumi na tano na nusu" kwa penseli yake. Niliishika kidogo, kisha nikaichana vipande vyembamba kama nyingine.

Nimefika shuleni nimechelewa, nimelowa, nanuka rubisi. Mwalimu mkuu alitazama saa yake na mimi nikatazama ubao. Nimefundisha ramani ya mikoa na sikumbuki nilichosema. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza Jumapili, na kwamba mtu anaweza kusaidia kuokota nyungunyungu kwa huruma na bado akanyamaza mbele ya ukoo. Kuokota si kusema.

Nilipoingia ndani kulikuwa kimya. Jikoni hayupo. Chumbani kwake hayupo.

Alikuwa katika chumba kile. Amekaa kwenye kigoda chake, mahali pale pale alipokaa miezi tisa, na mbele yake sanduku, gunia limefunuliwa nusu. Mkononi ana maganda ya ndizi ameyakatakata vipande vidogo vidogo, kama alivyokuwa akimkatia mwanawe chakula alipokuwa hawezi tena kutafuna. Nikasimama mlangoni na mkoba wangu uliolowa.

Mdomo ukauliza wenyewe.

"Wamekula?"

Hakugeuka. Alidondosha ganda moja, akalifunika vizuri kwa karatasi.

"Wamekula kidogo," akasema. "Jumapili Kaijage akija, mlete akae hapa karibu yangu. Nataka nimwambie kibanja kina mtu."