Mkwe Wangu na Ninja: Aanzie Wapi?

Jumamosi. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, mtaa wetu wa Shika Adabu wote unateleza, nami niko ndani na kahawa yangu, moyo umetulia kama wa mtu aliyeiba asikamatwe.

Wanaosoma ukurasa huu huniuliza kila mara: mzee, ile michezo ya video ya ninja mwenye upanga, mgeni aanze na upi? Siku zote nimejibu aanze na ule wa kale kabisa, kama nilivyoanza mimi, zamani nikiwa kuli bandarini, baharia mmoja aliponiachia mtambo wake na kaseti. Nimejibu hivyo kwa kiburi.

Wiki hii nimetiwa adabu.

Mzee Athmani, baba yake Zuhura, mke wa mwanangu, yuko kwetu tangu alipofiwa na mkewe. Ni mwalimu wa chuo. Amesomesha watoto Kurani huko Kisauni tangu ndevu zake nyeusi. Nyumba yake sasa haina mtu, na alishasema leo baada ya adhuhuri anarudi. Zuhura alikosa raha. Anamjua babake: akiwa peke yake hapiki, anashindia chai. Jumatano akanifuata uani. "Baba, mzuie. Wewe huna haya, utapata njia."

Ni kweli sina haya. Lakini huyu ni mkwe.

Watu wote nawatania, mpaka imamu. Mkwe hataniwi. Mkwe hukaribishwa, hupewa kiti kizuri, na akikukanyaga wewe ndiwe unayeomba radhi. Nami kitu cha kumfurahishia mtu ninacho kimoja tu, huyo ninja.

Basi Alhamisi nikamketisha mbele ya runinga, na kwa heshima nikampa mkubwa wa michezo yote, ule wa kwanza. Mzee kwa mzee mwenziwe, nilijiambia. Sikumwelekeza kitu. Utamwambiaje mkwe kwamba anakosea?

Wanaoujua watawakumbuka wale ndege. Unaruka shimo, ndege anakupiga kifua ungali hewani, unatumbukia. Mzee Athmani akatumbukia. Akatumbukia tena. Mimi nasema, "Vizuri sana, mkwe," naye anatumbukia. Niliuma ulimi nisicheke mpaka machozi yakanitoka. Mwisho akaiweka ile pedi ya kuchezea chini taratibu, kama mtu anayeweka yai, akasema, "Ahsante, mkwe. Umenikirimu." Akaenda chumbani. Zuhura alipochungulia, alimkuta anakunja kanzu zake anazitia begini.

Jana, tuliporudi kutoka sala ya Ijumaa, nikashindwa kuvumilia.

"Mkwe, niwie radhi. Ile pedi unaishika kama sahani ya pilau ya moto."

Nikajua nimeshaivunja ndoa ya mwanangu.

Akanitazama juu ya miwani. "Nami nikwambie langu? Wewe si mwalimu. Chuoni kwangu mtoto hafunguliwi msahafu akaanzishwa sura ndefu. Akishajua herufi huanzia kule mwisho, zile sura fupi fupi, apate kumaliza kitu, afurahi, kesho aje mwenyewe bila kufuatwa. Wewe umenitupa katika ndefu, na herufi sizijui."

"Mbona hukusema?"

"Nitamwambiaje mkwe kwamba anakosea?"

Tulicheka mpaka Zuhura akatoka jikoni na upawa mkononi kuangalia nani amezimia.

Nikauzima ule wa kale. Nikamwekea mmoja wa hii ya miaka ya karibuni, ambayo unamwona ninja pande zote, nikauteremsha kwenye kiwango chepesi kabisa. Na kabla ya vita, herufi: hiki kitufe cha kuruka, hiki cha kukata, hiki cha kukinga. Tulikaa hapo kwanza, tukikata hewa. Alipomwangusha yule bosi wa mwanzo, mkubwa wa maadui, alisema, "Alhamdulillahi," akafuta miwani, kisha akauliza kama marehemu ana ndugu.

Kwa hiyo jibu langu nimelibadilisha. Mgeni, anza na hii ya karibuni, kiwango chepesi, wala usione haya. Hadithi isikutie hofu kwamba umeingia katikati: kuna kitu kimeibwa, kuna watu watakatwa, yatosha. Vidole vikishazoea, rudi nyuma polepole. Ule wa kwanza uache uwe wa mwisho. Ni mtamu, wallahi, lakini utamu wake ni wa mtu aliyekwisha kujua kupigwa.

Leo adhuhuri imepita. Mzee Athmani amerudi kutoka msikitini, akakung'uta mwavuli, akampigia simu jirani yake wa Kisauni. "Nilishie wale kuku mpaka Jumamosi nyingine. Nina masomo huku." Zuhura aligeukia sufuria, akawa anakoroga wali ambao haukorogwi.

Sasa hivi namsikia sebuleni, anamsomea adui dua mbaya.

Nimekaa nimefikiri. Michezo yenyewe iko mingi, na mtu akifundishwa upesi humaliza upesi, kisha huaga. Kwani nani ananihimiza? Tukijaaliwa, kesho baada ya chai tutarudia kukinga. Mchezoni tukifikia ukuta, pedi nitaishika mimi, nitamvusha. Kule kukimbia juu ya ukuta nitamfundisha baada ya Ramadhani.