Miti ya Maua katika Udongo wa Maharagwe

Kasha, Bukavu
tarehe 23 Novemba 1977

Mpendwa Tonton Léopold,

Pokea salamu zangu za upendo kutoka huku kwenye mvua. Je, kifua chako kimepona? Na Tantine Martine, miguu bado inamsumbua? Sisi tuko hai. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini shambani anakwenda. Mimi ningali nafundisha darasa la pili.

Kwa afya namshukuru Mungu. Kwa mengine sijui niseme nini, na ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka bahasha uliyonitumia kutoka Lubumbashi baada ya mazishi ya Papa, ndugu yako, yenye mbegu za jakaranda ulizookota mbele ya nyumba yako? Uliandika kwamba nipande kitu kizuri karibu na mlango, Mama apate mahali pa kupumzisha macho. Niliziloweka siku nzima, nikazifunika kwa udongo mwembamba katika mikebe ya maziwa ya unga niliyoitoboa chini kwa msumari. Siku ya kumi na sita zikaota. Tonton, sijui kama nimewahi kufurahia kitu namna ile. Majani yake yalikuwa kama manyoya ya kifaranga, niliogopa hata kuyapumulia.

Mvua za Septemba zilipoanza, nilihamisha miche kumi na mmoja, nikaipanga pande zote mbili za njia, kutoka barabarani mpaka mlangoni. Kando ya kila mche nilisimika kijiti chenye kibao: tarehe ya kupandwa na urefu kwa sentimita. Ni tabia niliyoitoa shuleni. Hapo ndipo nilipotuponza.

Unajua kwamba Papa alipewa kiwanja hiki na Muzee Mushagalusa kwa bwasa. Udongo wa bwasa ni wa maharagwe na viazi, vitu vya kupanda na kuvuna, ili mwenyewe akiudai urudishwe mtupu. Anayepanda mti ni kama anasema hataondoka tena. Mimi nililijua hilo tangu utoto, lakini nilidhani lilihusu migomba na kahawa, vitu vya faida. Mti wa maua tu, nilijiambia, utamuudhi nani?

Bulonza, mwana wa Muzee, alipita hapa mwezi uliopita. Alisoma vibao vyote polepole, mikono mgongoni.

«Mwalimu, miti yako inajua tarehe ya kuzaliwa,» akasema. «Sisi tulizaliwa tu wakati ya njaa.»

Nilicheka. Yeye hakucheka. Siku hizi watu wanasimuliana juu ya mpangaji aliyepanda miti kwa mstari, akaita mpimaji, akapata karatasi ya serikali, na mwenye udongo akabaki kuomba njia ya kupita. Bulonza aliona mstari wangu, akaona vijiti vyenye namba. Na hapa jirani, ni nani anayejua kuandikia maofisi barua kwa Kifaransa? Ni mimi.

Muzee akatuma neno kwamba atakuja Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, pamoja na wazee wawili. Ijumaa, siku moja kabla, sikwenda kufundisha. Niling'oa miche yote, nikawagawia majirani wenye viwanja vyao, na vijiti nikavichoma jikoni. Nilidhani udongo mtupu utatutetea.

Alipofika aliinama, akatia fimbo yake katika shimo moja, halafu katika jingine. Aliuliza miti hiyo inazaa nini. Nikajibu kwamba haizai kitu, inatoa maua ya zambarau tu.

«Mutu ya masomo anapanda kitu ya bure?»

Wazee wakatazamana. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli yangu ilisikika kama uongo wa mtu asiyejua kudanganya.

«Adélaïde,» akasema bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, «baba yako nilimupa udongo ya maharagi. Mutu mwenye hana neno ndani ya roho, hang'oe miti mbele ya kuulizwa.»

Mama akapiga magoti matopeni. Sijawahi kumwona akipiga magoti nje ya kanisa.

Muzee amekubali kungoja mpaka tuvune maharagwe, kwa ajili ya Papa. Yule aliyeshuhudia mapatano yao na angali hai ni wewe peke yako. Anataka barua ya mkono wako, inayosema kwamba udongo huu ni bwasa na kwamba hakuna mtoto wa Papa atakayeutafutia karatasi. Isipofika, tukivuna tunatoka. Hatuna pengine, Tonton, unajua. Maharagwe yameanza kufunga maganda.

Naogopa. Hata shuleni, mtu akipiga hodi chaki inaniponyoka, ingawa hodi si yangu. Mama ameanza kufunga sahani katika vitenge, anasema anazikinga na vumbi. Wakati huu wa mvua hakuna vumbi.

Kuna jambo ambalo hata Mama hajui. Mche wa mwisho, ule wa karibu na mlango, mzizi wake ulikatikia chini. Wiki hii umechipua tena, majani mawili, manyoya yale yale. Kila asubuhi natoka na jembe, nasimama hapo, narudi ndani nalo.

Nimeacha kalamu kidogo. Sasa nimerudi: nimeuchimba wote, mpaka ncha ya mzizi. Niwie radhi kwa alama za vidole kwenye karatasi.

Barua hii ataileta Agathe, binti wa jirani yetu, anayesafiri kwa ndege Jumatatu. Atakaa huko siku nne. Tafadhali asirudi mikono mitupu.

Nisalimie Tantine Martine, Alphonse na Noëlla. Mama anawaombea nyote katika rozari yake ya jioni, na Mungu aliyekulinda njiani tangu ujana wako akukalishe kwa amani.

Ndani ya bahasha utakuta mbegu zilizobaki. Nakurudishia. Zipande wewe, mahali ambapo hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye na kukungoja,

Adélaïde