Kuku Watano wa Bi Mwanahawa

Jumapili, Chamazi. Joto la kuudhi. Bati linatatarika juu ya kichwa changu na harufu ya banda la kuku imeingia mpaka kwenye kurasa za daftari.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili: wiki tatu zilizopita nilichinja kuku watano waliokuwa wamekwisha kufa, na watu wakawala kwenye hitma.

Nimeandika. Sasa lazima nieleze, maana nikiishia hapo nitajiona shujaa kwa sababu ya sentensi moja, tena kwenye blogu yenye wasomaji watatu, na mmoja wao ni mimi.

Mama anafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba. Banda lilijengwa kwa ajili ya kuku mia mbili. Sisi tunaweka mia tatu. Wakifika wiki ya tano hawana pa kugeukia, wanalala kifua chini wakila na kunywa na kula tena. Ukiwaachia mlango wazi hawatoki, kwa sababu miguu haiwabebi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukimbia. Kazi yangu ni kukunja turubai la ubavuni kila jioni ili hewa ipite, na asubuhi kuwatoa waliokufa.

Na kuchinja. Mtaa mzima huniita, Waislamu na Wakristo. Wananiita Ustadhi kwa sababu niliwahi kuhitimu madrasa na kwa sababu siongei. Mtu asiyeongea watu humdhania mcha Mungu. Hakuna anayewaza kwamba labda ni mwoga tu.

Bi Mwanahawa, jirani yetu wa nyumba ya tatu, aliagiza kuku thelathini kwa hitma ya arobaini ya mumewe. Niwachinje Jumamosi asubuhi. Ijumaa jioni mama aliniambia mara mbili: "Ustadhi, turubai. Leo hakuna upepo kabisa." Nikaitika bila kuinua kichwa. Nilikuwa naandika.

Nilikuwa naandika hotuba ya mdahalo wa shule. Hoja: uwindaji ni ukatili na upigwe marufuku. Mimi siwezi kusimama mbele ya watu, sauti hunikatika, kwa hiyo mimi huandika na Brenda, mwenzangu wa darasa, husoma. Nilikuwa nimefika pale mnyama anapokosa pumzi mtegoni. Niliandika aya nzima juu ya kukosa pumzi. Nilitafuta maneno, nikafuta, nikaandika tena, nikafurahi sana.

Hatua ishirini kutoka mezani pangu, turubai lilikuwa limeshushwa mpaka chini.

Asubuhi nilipofungua banda walikuwa wamelundikana kwenye kona moja. Wa juu walikuwa hai. Wa chini hawakuwa hai. Mama alikuwa ameshatoka kwenda Buguruni kufuata chakula cha kuku, na kuku waliofikia uzito alioutaka Bi Mwanahawa walikuwa thelathini na wawili tu, hao waliokufa wakiwemo. Bila wao wangebaki ishirini na saba. Ningeweza kwenda kumwambia kwamba watatu wamepungua kwa uzembe wangu. Watatu tu! Angesema haya, lete wadogo watatu, yakaisha.

Sikwenda. Nilichukua kisu, nikawaelekeza kibla mmoja mmoja, nikasema Bismillahi juu ya maiti.

Damu haikuruka. Ilitoka kidogo, nzito, kama inanidharau. Nikawatia ndani ya pipa kwanza, kisha nikachinja wazima juu yao, ili damu ya walio hai iwapake wale wengine. Wanawake walipofika na maji ya moto kuja kunyonyoa, wote walifanana. Nilitia watano badala ya watatu kwa sababu mwoga akianza uongo huwa anafanya na usafi: sikutaka mama arudi akute hata mzoga mmoja.

Jumatatu Brenda alisoma hotuba yangu. Alisoma vizuri, aliweka kilio mahali pa kilio. Ndani yake nilikuwa nimemweka mjomba wangu bila kumtaja jina: "mtu mmoja ninayemfahamu, anayenyonga viumbe wasio na hatia kwa waya wa breki ya baiskeli, kisha anacheka." Darasa liliguna kwa uchungu. Tulishinda. Mwalimu alisema hotuba imeonyesha utu.

Utu.

Mapumziko yalipofika, wale wenye utu walikimbilia getini kugombania chipsi kuku. Brenda alikuwa bado ana macho mekundu kwa ajili ya wanyama wa porini huku anang'ata paja. Niliwatazama na kuwadharau kwa moyo wote, mimi niliyekuwa na damu kavu chini ya kucha. Wanamlilia paa kwa sababu paa ana macho mazuri na anaonekana kwenye video. Kuku wetu haonekani popote mpaka awe kipande kwenye mafuta. Hakuna anayeuliza alikuwa na kona gani.

Sasa jana.

Mama alinituma Kimbiji kwa mjomba Bakari kumpelekea magunia mawili ya mbolea ya kuku kwa ajili ya mihogo yake. Nilifika Ijumaa. Mjomba ni kaka yake mama, ndiye huyo wa waya wa breki. Anatega kanga, wale ndege wenye madoa, ambao hufukua mbegu zake za mahindi hata kabla hazijaota. Jumamosi alfajiri aliniamsha twende kukagua mitego. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kuthibitisha alichokwisha kukiandika.

"Inua miguu, msomi," akaniambia. "Huku si maktaba, huku kuna upupu."

Alicheka, kweli. Hilo sikulisingizia. Alicheka nilipojikwaa, alicheka nilipojikuna, alicheka alipoukuta mtego wa kwanza umefyatuka bila kitu: "Ameniachia manyoya, mshenzi yule. Kesho utaniona." Alikuwa anazungumza na ndege asiyekuwepo. Kwenye mtego wa pili alikuwepo kanga mzima, amenaswa mguu, anapigapiga mabawa. Mjomba alinyamaza ghafla. Alimshika, akamfunika macho kwa kiganja, akasema Bismillahi, akachinja. Damu iliruka mpaka kwenye suruali yangu.

Sitaki kupamba. Yule ndege aliteseka. Sijui alikaa hapo saa ngapi, na mguu wake ulikuwa umechubuka mpaka mfupa. Sikuona jambo lolote zuri.

Mtego wa tatu ulikuwa na kanga amekufa. Waya ulimpata shingoni.

Mjomba alichuchumaa akamgusa kifua. Mimi, kwa aibu yangu, niliwaza kwamba bado ana joto kidogo, na kwamba kisu kiko palepale.

"Jana jioni nilikaa kwenye bao, mie," akasema. "Sikuja kukagua. Huyu kafa kwa bao langu."

Akachimba shimo kwa panga, akamfukia. Kisha akarudi mtego kwa mtego na kufungua waya zote, akazikunja na kuzitia mfukoni. Nilidhani tumemaliza. Tulipofika nyumbani alimchukua yule kanga aliyemchinja, yule halali, akampelekea mama mmoja jirani mwenye watoto.

Nilimuuliza kwa nini.

"Akifa mmoja mtegoni, siku hiyo silagi nyama. Hata iliyo halali." Akacheka tena. "Leo muhogo, Ustadhi. Tafuna."

Tulikula muhogo kwa chumvi. Nilikuwa na njaa na hasira. Nilimdharau kwa sababu nilidhani anajionyesha, kisha nikakumbuka kwamba hapakuwa na wa kumwonyesha. Angeamka peke yake, angefanya vilevile.

Ndipo akauliza, mdomo umejaa, bila hila yoyote: "Na huko kwenu, kuku wakifa bandani mnafanyaje?"

"Tunatupa," nikasema.

Akatikisa kichwa kuridhika. "Mama yako mtu safi."

Nimerudi leo mchana na neno hilo. Najua Dar nzima haiwezi kulishwa na kanga wa Kimbiji. Watu wakimwiga mjomba, ndani ya mwaka mmoja porini hakutabaki hata unyoya. Kwa hiyo sisemi kuwinda ni kwema. Nasema tu kwamba nilimwita katili mtu anayejua ni ndege yupi amekufa kwa kosa lake, na mimi sikumbuki hata mmoja wa wale watano. Walikuwa na nini cha kukumbuka? Weupe, wote weupe, umri mmoja. Tunawafuga hivyo ili tusiwakumbuke.

Na kama umefika hapa ili upate kunihurumia kidogo, funga ukurasa.

Wakati narudi nilipita mbele ya nyumba ya Bi Mwanahawa. Alikuwa kibarazani anachambua mchele. Nikaamkia. "Marahaba mjukuu wangu. Ile nyama ya hitma watu wanaisifu mpaka leo. Mkono wako una baraka." Akaniombea dua. Nikaitikia amina.

Niliitikia amina!

Naacha kuandika hapa. Naenda. Nisipokwenda sasa hivi nitaanza kutafuta maneno.

*

Nimerudi, magharibi imeshaswaliwa.

Nilimkuta palepale. Nilisimama, sikukaa, kwa sababu ningekaa nisingesema. Nilimwambia: "Bibi, katika kuku wako thelathini, watano niliwakuta wamekufa. Nikawachinja hivyohivyo." Sauti haikukatika. Ilitoka ndogo, lakini ilitoka yote.

Aliweka ungo chini. "Vibudu?"

"Ndiyo bibi."

"Kwenye arobaini ya mume wangu."

"Ndiyo."

Nilitaka anipige. Hakunipiga. Alisema waliokula hawakujua, wao hawana neno. Neno ni langu mimi niliyechinja, nitalipeleka mwenyewe mbele ya Mungu. Aliongea taratibu kama anayemfundisha mtoto mdogo. Halafu akasema: "Usinichinjie tena. Na mama yako anajua?"

"Hajui."

"Basi unasubiri nini hapa kwangu?"

Nikaenda nyumbani. Mama alikuwa anachanganya chakula cha kuku kwenye beseni. Nilimwambia yote, pamoja na turubai na hotuba. Mikono yake ilisimama ndani ya pumba. Akasema, "Mwanangu, mtaa huu wote unanunua kwangu kwa ajili ya mkono wako." Aliinuka, akanawa, akajitanda kanga yake nyeusi na kwenda kwa Bi Mwanahawa. Sijui wamezungumza nini. Bado hajarudi.

Niliosha kisu, nikakifunga kwa gazeti na kukiweka juu ya kabati lake. Kisha nikaingia bandani. Jua lilikuwa halijazama. Nilikunja turubai mpaka juu kabisa, pande zote mbili, nikalifunga kwa kamba. Nilihamisha kuku sitini, wawili wawili, nikawatoa uani na kuwazungushia wavu wa zamani wa dirisha. Hawakukimbia. Walikaa nilipowaweka, vifua chini, wakinitazama. Nikageuza ndoo, nikakalia, nikakaa nao mpaka mmoja aliposimama, akapiga hatua tatu, akakaa tena.