Rehani ya Nyumba ya Mama

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi. Habari za huko, na za kazi? Wifi yangu hajambo? Yale mafua yake yalikwisha? Sisi wazima, ila goti la Mama, nalo unalijua, halina adabu.

Mafunzo ya benki yanaendelea. Nimewekwa kitengo cha mikopo ya nyumba. Kumbe mkopo si kujaza karatasi na kupeana mikono! Kwanza unachungulia kipato cha mtu, kisha matumizi yake, kisha unakwenda kuiona kwa macho nyumba inayowekwa rehani. Mwalimu wetu tumempa jina Bi Mkasi, maana hakuna ombi linalopita kwake bila kukatwa kidogo. Kila mara anatuuliza, "Huyu akishindwa kulipa, mkaiuza nyumba, aliyemo atalala wapi?" Siku ya kwanza tulicheka.

Ombi lako lilifika Jumanne. Najua ulitegemea nilisukume, na ujumbe wako niliupata. Haiwezekani, kaka. Mfanyakazi haruhusiwi kugusa faili la ndugu yake. Nilisema mapema kwamba wewe ni damu yangu, likahamishiwa meza nyingine. Ukinuna, nuna tu.

Halafu kuna utaratibu ambao hata mimi nimeujua juzijuzi. Anayetoa nyumba yake iwe rehani ya mkopo wa mtu mwingine huitwa peke yake kwa mwanasheria, bila mtoto wala jirani, aeleze kwa maneno yake mwenyewe anachotia saini. Asipoeleza sawasawa, mkopo unasimama. Mama alivaa vizuri, akaingia. Mimi nilibaki kwenye benchi la mapokezi.

Alitoka upesi, amekasirika kwelikweli. "Yule kijana kaikataa saini yangu!" Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nimemwambia ukweli. Natia saini ili mwanangu apate nyumba, arudi."

Kaka, mimi nimeshajua kwamba nyumba unayotaka iko huko uliko, na kwamba hizi ni pesa za malipo ya mwanzo. Mama hajui. Ulimwambia ni za nyumba, basi. Yaliyobaki akajazia mwenyewe. Nilikukasirikia, sitakuficha, na bado sijapoa.

Faili limesimama mpaka Mama aitwe tena. Safari hiyo lazima awe anaelewa, na wa kumwelewesha si benki wala si mimi. Mpigie simu wewe.

Shangazi anakusalimu, na mjomba fundi saa vilevile. Mama anakusalimu sana. Anauliza chumba chako kipakwe rangi gani, maana fundi wa rangi anakuja kesho.

Mungu akutazame huko uliko, wewe na wa nyumbani mwako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Kitindamimba