Insha Iliyoongoza

Shika Adabu, Likoni

Mdogo wangu Kuluthum,

Assalamu alaykum. Huku hatujambo, ila miguu ya mamako ingali imevimba. Ndiyo maana Jumamosi nilikuja mimi kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwenu.

Likizoni nilikufundisha insha ya mtihani: soma maswali yote kwanza, panga hoja kabla ya kuandika, bakisha muda wa kusahihisha, na uandike ulilolishuhudia mwenyewe. Kwa mfano nikakusimulia nilivyomkosha marehemu mamangu, mke wa kwanza wa baba, kabla ya kuzikwa, na hina ya Idi ilivyokuwa ingali imekoza viganjani mwake. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine.

Mwalimu wenu aliwasomea wazazi insha iliyoongoza. Ilikuwa yako. Hina ni ile ile, viganja ni vile vile, ila maiti umemfanya mamako. Watu walijifuta machozi. Nami nikajifuta nao, nisikuaibishe.

Wallahi, Kuluthum, ungeniomba kingine chochote.

Mamako akusalimu sana, amekutilia achari ya embe humu mfukoni. Kutwa aniuliza hiyo insha iliyokupa sifa yahusu nini. Sijamwambia kuwa umemzika.

Ni mimi dadako,
Shaza